Granola, loshoro na sukari ya Arusha Chini

Hivi umewahi kusimama mbele ya rafu ya supamaketi pale Arusha mjini, ukaangalia pakiti ya granola, ukaangalia na bei yake, kisha ukajiuliza ni nani hasa anayekula kitu hiki asubuhi? Bei ya pakiti moja iliyotoka ng'ambo inatosha kununua kilo kadhaa za ulezi sokoni. Lakini ukiipindua na kusoma maandishi ya nyuma, unakuta nafaka, karanga, mbegu, asali au sukari. Hakuna muujiza. Ni vitu ambavyo mama yeyote wa Kisongo anavijua kwa majina.

Mimi ni mtoto wa Kisongo, kule mbele ya kiwanja kidogo cha ndege cha Arusha unapoelekea Makuyuni na Dodoma. Nyumbani kwetu tumeanza kutengeneza granola wenyewe. Si kwa sababu tumekuwa wazungu, kama anavyodai baba mdogo. Ni kwa sababu mama ana kisukari, na daktari alimwambia waziwazi kwamba chai yenye vijiko vitatu vya sukari pamoja na slesi nne za mkate mweupe, kila asubuhi, ndiyo ianze kuondoka. Sasa mtu aliyekunywa chai hiyo maisha yake yote utampa nini badala yake? Mdogo wangu wa kike, ambaye anafanya kazi kwenye hoteli ya watalii, akaleta wazo la granola. Mimi kazi yangu ni uandishi wa habari, na ugonjwa wa kazi hii ni kwamba huwezi kutia kitu mdomoni bila kuuliza kimetoka wapi. Nikaanza kusoma. Niliyoyakuta nikaona nisiyale peke yangu.

Tuanzie Marekani. Mwaka 1863, katika mji wa Dansville, jimbo la New York, daktari aliyeitwa James Caleb Jackson alikuwa na kituo cha kutibu wagonjwa kwa maji na vyakula visivyo na nyama. Alikanda unga wa ngano usiokobolewa, akauoka mpaka ukakauka kama tofali, akauvunjavunja, akauoka tena. Akakiita chakula hicho Granula. Kilikuwa kigumu kiasi kwamba ilibidi ukiloweke kwenye maziwa usiku kucha ndipo meno yaweze. Baadaye John Harvey Kellogg, daktari wa hospitali ya Waadventista Wasabato pale Battle Creek, Michigan, akatengeneza chakula cha namna hiyo kwa ngano, oti na mahindi, naye akakiita Granula. Jackson akaja juu kisheria. Kellogg akabadilisha herufi moja tu: Granola. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1880.

Kwa hiyo granola ilizaliwa hospitalini. Ilikuwa dawa ya watu wenye matumbo mabovu, na haikuwa tamu. Utamu ulikuja kwa ugomvi. Kellogg alikuwa na mdogo wake, Will Keith, aliyekuwa akishughulikia hesabu za hospitali. Mwaka 1894 ndugu hawa waligundua namna ya kutengeneza nafaka nyembamba za kukaanga, zile ambazo baadaye zikawa maarufu kwa mahindi. Mkubwa alitaka zibaki chakula cha afya. Mdogo alitaka kuzitia sukari ziuzwe. Mwaka 1906 mdogo akafungua kampuni yake, na ndugu hao wakafikishana mahakamani. Aliyeshinda sokoni tunamjua, maana jina lake lipo kwenye maboksi mpaka leo. Shika hapo, ndugu msomaji: sukari iliingia kwenye chakula hiki kwa sababu za biashara, na daktari alikuwa upande wa kuikataa.

Granola yenyewe ikasahaulika kwa miaka mingi. Ikafufuliwa na vijana wa Kimarekani wa miaka ya 1960, wale waliofuga nywele na kupinga vita ya Vietnam. Kwenye tamasha la Woodstock mwaka 1969 vijana waligawiwa nafaka za namna hiyo kwenye vikombe vya karatasi. Miaka ya 1970 makampuni makubwa yakaona pesa, yakaiweka kwenye boksi.

Sasa hapa ndipo mambo yanapotugusa. Katika miaka hiyohiyo ya 1970, Ulaya na Marekani walianza kuhubiriwa habari ya nyuzinyuzi: kuleni nafaka isiyokobolewa, msile unga mweupe. Mhubiri mkuu alikuwa nani? Ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Mulago, Kampala, kabla ya kurudi Uingereza mwaka 1966. Nyuma yake alikuwepo Hugh Trowell, daktari aliyetumikia Kenya na Uganda kwa takriban miaka 30. Wawili hawa waliona kwamba magonjwa yaliyokuwa yakijaza wodi za kwao Uingereza, yakiwemo ya utumbo na kisukari, yalikuwa adimu kwa wanavijiji wa Afrika. Wakasema siri ipo kwenye chakula. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha utafiti ambao, samahani kama unakula, ulipima uzito wa kinyesi. Cha wanavijiji wa Uganda kilikuwa zaidi ya mara nne ya cha wanamaji wa Uingereza, na chakula kilipita tumboni mwao kwa chini ya nusu ya muda. Wanasayansi wamebishana na baadhi ya hitimisho zao tangu hapo, lakini neno lilikwisha kuenea.

Unaona mchezo ulivyokwenda? Mzungu alikuja, akatazama bibi zetu wanakula nini, akarudi kwao akawaambia watu wake wale hivyo. Wenye viwanda wakaandika kwenye maboksi. Na sisi wajukuu wa bibi haohao tunalinunua boksi lililosafiri bahari mbili, huku tukimwona bibi mshamba.

Basi turudi kwa bibi. Walikuwa wakila nini huku kwetu?

Jina Kisongo ni la sehemu kubwa ya Wamaasai, Ilkisongo, watu wa ng'ombe. Chakula chao kilikuwa maziwa, nyama na damu. Lakini nchi hii haikuwa ya ng'ombe peke yake. Ukishuka Bonde la Ufa, chini ya ukuta wa milima, yapo magofu ya Engaruka: mashamba ya ngazi na mifereji ya mawe ya watu waliomwagilia mtama kati ya karne ya 15 na ya 18. Nao Waarusha, watu wangu, kwa masimulizi ya wazee na ya wanahistoria, walipanda kwenye miteremko ya Mlima Meru miaka ya 1830 wakitokea Arusha Chini, tambarare iliyo kusini ya Moshi. Walikuwa wakulima waliozungumza Kimaasai na kufuata rika za Kimaasai. Mlimani walilima ndizi, maharage, mahindi na ulezi. Wanawake wao waliteremka na nafaka kwenda kwa Wamaasai wa tambarare, wakarudi na maziwa na ngozi.

Nafaka toka mlimani, maziwa toka tambarare. Vikutane kwenye chungu kimoja unapata loshoro. Kwa asiyejua, loshoro ni mahindi yaliyokobolewa kwenye kinu, yakachemshwa mpaka yakalainika, yakapozwa na kuchanganywa na maziwa mgando. Wengine huongeza ndizi. Maziwa hayo yanakaa kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha mti wa oloirien, na ule moshi unayapa ladha ambayo hakuna kiwanda kimewahi kuiiga. Linakaa, linasafirika, unakula baridi, linakushikilia mpaka jioni. Nafaka nzimanzima ndani ya maziwa, bila sukari. Mama alipoionja granola yetu ya kwanza alitafuna kimya kidogo, akasema: "Hii mnayoita granola ni loshoro iliyokaangwa." Sikuwa na la kujibu.

Nisije nikaeleweka kwamba zamani ilikuwa peponi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliua sehemu kubwa ya ng'ombe wa Wamaasai, ikafuatana na ndui na njaa. Watu waliokuwa wakiishi kwa maziwa walijikuta hawana maziwa, na wengi walikimbilia kwa Waarusha kutafuta nafaka. Maana yake ni kwamba mchanganyiko ule wa mlima na tambarare ulikuwa bima ya maisha. Upande mmoja ukianguka, mwingine unaubeba.

Bima hiyo ilivunjwaje? Wajerumani waliwapiga Waarusha na Wameru kuanzia mwaka 1896, na ilipofika 1900 ngome yao, Boma, ilikuwa imesimama pale ambapo leo ni makumbusho mjini. Kisha ikaja kodi, na kodi inataka fedha. Kuanzia mwaka 1905 Makaburu toka Afrika Kusini na walowezi wengine wakapewa ardhi ya chini ya mlima, kwa namna iliyowafungia Waarusha na Wameru juu, wakatengwa na malisho na mashamba ya tambarare. Waingereza walipochukua nchi mambo hayakugeuka sana. Mwaka 1951 waliwafukuza Wameru kule Engare Nanyuki, jambo lililompeleka Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Historia hiyo tunaisoma shuleni kama habari ya siasa. Mimi sasa naisoma pia kama habari ya kifungua kinywa. Ukipunguza malisho unapunguza maziwa. Ukipanda kahawa ili ulipe kodi, shamba la ulezi linasogezwa pembeni. Na mtu akishakuwa kibarua wa saa kumi na mbili asubuhi, hana tena muda wa kuchemsha mahindi masaa manne. Anahitaji kitu cha moto, cha haraka, chenye nguvu ya papo kwa papo.

Kitu hicho kikawa chai ya sukari. Na kimetushika kiasi kwamba hata lugha ilisalimu amri: Mtanzania hakuulizi kama umekula asubuhi, anakuuliza kama umekunywa chai, hata kama umekunywa uji.

Na sukari yenyewe inatoka wapi? Hili ndilo lililonifanya niweke kitabu chini. Katika miaka ya 1930 Wadenmaki wa A.P. Møller walianzisha shamba kubwa la miwa kusini ya Moshi, shamba la TPC, Tanganyika Planting Company. Shamba hilo lilikuja kutaifishwa na serikali, likabinafsishwa tena mwaka 2000, na linazalisha mpaka leo. Lipo wapi? Lipo Arusha Chini. Palepale! Nyumbani tulikotoka miaka ya 1830 pamekuwa bahari ya miwa, na kila asubuhi kwa miaka mingi mama yangu, Mwarusha wa Kisongo, amekuwa akikoroga vijiko vitatu vya nchi ya mababu zake kwenye kikombe. Silaumu kiwanda. Kimeajiri watu wengi wa kaskazini na kimesomesha watoto wao. Nasema tu kwamba historia ina utani mkali.

Baada ya sukari ukaja unga mweupe. Ukipita kata ya Unga Limited pale mjini, kumbuka kwamba jina lile ni la kiwanda cha kusaga nafaka. Mwezi Februari 1967, siku chache tu baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha viwanda vikubwa vya kusaga, na kazi ikaenda kwa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Mmoja wa waliotaifishiwa, Andy Chande, ndiye aliyeombwa na Mwalimu Nyerere kuliendesha. Sembe ikawa chakula cha taifa, na kwa miaka kadhaa ikapewa ruzuku mpaka ruzuku hiyo ilipoondolewa mwaka 1984. Hebu fikiria: mahindi yaliyotolewa ganda na kiini, yaani sehemu yenye nyuzinyuzi na virutubisho vingi, ndiyo yaliyopunguziwa bei. Mtama na ulezi havikupata heshima hiyo. Ulezi ukabaki na kazi mbili, pombe na uji wa mtoto. Mtu mzima anayekula mtama akaonekana mtu wa njaa.

Tuwe waungwana hapa pia. Mashine ya kusaga ilimwondoa mwanamke kwenye jiwe la kusagia. Koko, ndivyo tunavyomwita bibi, alikuwa na viganja vigumu kama soli ya kandambili kwa sababu ya jiwe hilo. Hakuna anayetaka kumrudisha pale, na mimi sitaki. Suala ni kwamba mashine ingeweza kusaga dona kwa urahisi uleule. Iliyochagua weupe haikuwa mashine.

Wapo waliojaribu kurekebisha. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa mwaka 1973, na miaka ya 1980 watafiti wake walichunguza kitu ambacho bibi zetu walikuwa wakikijua kwa ajili ya pombe: kimea. Ukiotesha ulezi au mtama, ukaukausha na kuusaga, kijiko kidogo cha unga wake kinaulainisha uji mzito. Hivyo mtoto mwenye tumbo dogo anaweza kumeza unga mwingi zaidi kwa kikombe kilekile. Leo kila duka linauza uji wa lishe, na mara nyingi mchanganyiko wake ni wa ulezi, soya, karanga na mahindi. Tazama orodha hiyo vizuri. Ni granola iliyosagwa.

Kwa nini nasumbuka na haya yote? Kwa sababu ya namba mbili. Utafiti uliofanywa kwenye vijiji sita vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta wenye kisukari hawafiki asilimia 1 ya watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Vipimo na makundi yanatofautiana, na chakula si sababu pekee, maana siku hizi tunakaa sana na kutembea kidogo. Lakini mama yangu yumo kwenye namba ya pili, na koko alikuwa mtu wa namba ya kwanza. Kati yao kuna kizazi kimoja tu.

Sasa nyumbani tunafanya hivi. Vikombe vinne vya oti, au bisi za mtama kama oti zimepanda bei. Kikombe kimoja cha karanga zilizopondwa kidogo. Nusu kikombe cha mbegu za maboga, nusu ya alizeti, nusu ya ufuta. Kikombe cha mbegu za mchicha wa nafaka, ambazo ukizitupa kidogokidogo kwenye sufuria kavu yenye moto mkali na kufunika, zinalipuka kama bisi za wanasesere. (Wenyeji wa Mexico walikuwa wakizichanganya mbegu hizi na asali na kuzitumia kwenye ibada, mpaka Wahispania wakawapiga marufuku. Ukitafuta babu halisi wa granola, anzia huko, kabla ya daktari yeyote wa New York.) Unaongeza mdalasini, chumvi kidogo, vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti na viwili tu vya asali. Hatuna oveni. Tunatumia sufuria pana, mkaa mdogo chini na mkaa juu ya mfuniko, kama tunavyooka keki, tukifunua na kugeuza kwa mwiko kila baada ya dakika chache mpaka rangi iwe ya dhahabu. Ikipoa kabisa inaingia kwenye kopo kavu. Inaliwa na maziwa mgando.

Jambo moja si la mzaha: karanga na mahindi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa vibaya, na kukaanga hakuiondoi sumu hiyo. Kwa hiyo mama anakaa na ungo, anachambua karanga moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu inatupwa, wala kuku hapewi. Kazi hiyo hamwachii mtu.

Sitawadanganya kwamba granola imemponya mama. Kisukari hakiponi kwa bakuli. Anaendelea na vidonge vyake na kliniki yake, anapima kiasi kwa kikombe cha chai kisichojaa, na asali pia ni sukari, ndiyo maana ni vijiko viwili kwa kopo zima. Baba anasema tunamlisha chakula cha kuku, ingawa nimeona kopo linapungua siku ambazo mama hayupo. Mtoto wa dada yangu anaila kavu, anapeleka shuleni mfukoni.

Wiki iliyopita mama alibadilisha mapishi bila kumuuliza mtu. Aliondoa oti zote, akaweka mahindi aliyokoboa mwenyewe, akayachemsha, akayaanika juani siku mbili, kisha akayakaanga na ufuta. Asali hakutia hata tone. Tukamuuliza sasa hii tuiite nini. Akasema tuile kwanza.